Kwa nini hadi leo hakuna njia ya homoni ya kuzuia mimba kwa wanaume?

Baba Watatu ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mimi na mke wangu tuna watoto watatu, na tumekubaliana kwamba hatutaongeza mwingine kwa muda usiopungua miaka mitano, ingawa hatujafikia uamuzi wa kufunga uzazi kabisa. Kwa miaka kumi na miwili mzigo wa kupanga uzazi ameubeba yeye peke yake. Alianza na vidonge, vikamletea maumivu ya kichwa yasiyoisha. Akahamia sindano ya miezi mitatu, akakaa karibu mwaka mzima akitokwa na damu isiyo na mpangilio. Akawekewa kipandikizi, na hisia zake zikabadilika kiasi kwamba niliona kabla yeye mwenyewe hajasema. Mwezi uliopita aliniambia kwa utulivu kwamba amechoka kuubadilisha mwili wake kwa ajili yetu sote wawili, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku hiyo tunatumia kondomu, na nimeanza kusoma kuhusu dawa za homoni za kuzuia mimba kwa wanaume. Kinachonitatiza ni kwamba kila habari ninayoisoma inasema dawa hiyo iko karibu kupatikana, kisha nikiangalia tarehe nakuta habari yenyewe ni ya miaka kumi au ishirini iliyopita. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama kuna njia yoyote ambayo imekwisha kuidhinishwa, jinsi dawa hizo zinavyofanya kazi mwilini, na kama mwanamume anayezitumia hupoteza nguvu zake za kiume au hushindwa kupata mtoto baadaye anapoacha. Nauliza kwa nia ya kutumia, kwa hiyo nisingependa kufichwa ubaya wake.

Mtafiti amejibu:

Ndugu Baba Watatu, nimefanya kazi katika utafiti wa dawa za uzazi kwa miaka mingi, na nitajaribu kukujibu bila kupunguza wala kuongeza. Hakuna njia ya homoni kwa wanaume iliyokwisha kuidhinishwa. Zilizopo zimo ndani ya majaribio. Ama sababu ya kuchelewa, jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mwili wa mwanamume ni mgumu kudhibitiwa, kwa kuwa mwanamke hupevusha yai moja kwa mwezi ilhali mwanamume hutengeneza mamilioni ya mbegu kila siku. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, kwa sababu namna ya kuzizuia mbegu hizo imejulikana kwa miongo kadhaa.

Korodani zina kazi mbili, kutengeneza mbegu na kutengeneza testosteroni, yaani homoni ya kiume, na zote mbili husubiri amri kutoka kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo hutoa homoni mbili, LH na FSH, zinazosafiri katika damu hadi kwenye korodani. LH huziamuru seli za huko zitengeneze testosteroni, na FSH huzisaidia seli zinazolea mbegu changa. Ubongo hupima testosteroni iliyomo katika damu, na ikitosha hupunguza amri zake. Watafiti walipitia mlango huo: mwanamume akipewa testosteroni kutoka nje, ubongo huona kwamba ipo ya kutosha, huacha kutuma LH na FSH, na korodani hupumzika.

Naomba usome sehemu hii polepole, kwa sababu ndiyo inayogusa hofu yako. Mbegu hazipevuki bila testosteroni iliyomo ndani ya korodani zenyewe, ambayo kwa kawaida huwa nyingi mara nyingi zaidi kuliko ile ya kwenye damu. Kwa hiyo mwanamume anaweza kuwa na kiwango cha kawaida katika damu, kinachotosha kutunza misuli, ndevu na hamu ya tendo la ndoa, huku ndani ya korodani kiwango kikiwa kimeshuka chini ya kile ambacho mbegu zinakihitaji. Shahawa zitaendelea kutoka kama kawaida, kwa kuwa sehemu kubwa ya majimaji yake hutengenezwa na tezi nyingine. Kinachokosekana ni mbegu.

Hayo yamethibitishwa kwa watu. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanaume 271 kutoka nchi 7 walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Wale 157 ambao mbegu zao zilitoweka waliacha njia nyingine zote za kuzuia mimba kwa mwaka mmoja, na ikatokea mimba 1 tu. Jaribio la pili la shirika hilo, lililochapishwa mwaka 1996 likiwa na wanaume 399, lilionyesha kwamba si lazima mbegu ziishe kabisa. Zikishuka sana, kinga huwa nzuri. Siku hizi watafiti hulenga mbegu zisizozidi milioni 1 katika kila mililita ya shahawa. Huko China, zaidi ya wanaume 1,000 walidungwa testosteroni ya aina inayokaa mwilini muda mrefu, mara moja kwa mwezi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba njia ilishindwa kwa takriban mwanamume 1 katika kila 100.

Vikwazo vilivyobaki ni vya namna nyingine. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo zile zilizokwisha kuanza safari lazima zimalizike, na mtumiaji husubiri miezi miwili hadi minne kabla ya kuitegemea dawa. Wapo wanaume wachache, takriban 5 katika kila 100, ambao mbegu zao hazishuki vya kutosha, na bila kipimo cha shahawa hakuna njia ya kuwatambua. Testosteroni ya kawaida ikimezwa huvunjwavunjwa na ini kabla haijafika inakotakiwa, na baadhi ya zile za mwanzo zilizobadilishwa ili zimezwe ziliumiza ini lenyewe. Kwa sababu hizo watafiti wengi sasa huunganisha testosteroni na projestini, homoni ya jamii ileile iliyomo katika vidonge na vipandikizi vya wanawake, kwa kuwa huzima amri za ubongo haraka zaidi na huwezesha testosteroni kutolewa kwa dozi ndogo.

Mama Tumaini amejibu:

Ndugu Mtafiti, nakushukuru kwa maelezo yaliyo wazi, na nakupa pole Baba Watatu, pole ambayo naomba uifikishe kwa mkeo.

Nina jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2016, nilipozisoma habari za jaribio la sindano kwa wanaume lililosimamishwa kwa sababu ya chunusi, mabadiliko ya hisia na maumivu mahali pa sindano. Nilizisoma mara mbili. Mimi nilitumia njia za homoni kwa miaka tisa, na kila nilipokwenda kliniki kueleza kwamba kichwa kinauma, kwamba nalia bila sababu, kwamba hamu ya kuwa karibu na mume wangu imeondoka, niliambiwa kwamba hayo ni maudhi madogo madogo na mwili utazoea. Sina ugomvi na wauguzi walioniambia hivyo, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa, lakini maneno yale yalinifanya nijione kwamba nalalamika kupita kiasi. Halafu nikasoma kwamba maudhi yaleyale yalipompata mwanamume, utafiti mzima ulisimama.

Historia nayo hainitulizi. Vidonge vya kwanza vya wanawake vilipojaribiwa Puerto Rico kuanzia mwaka 1956, Daktari Edris Rice-Wray, aliyesimamia kazi hiyo, aliripoti kwamba asilimia 17 ya wanawake walipata madhara, na akaona ni mengi mno kwa dawa ya kutumiwa na watu wote. Dozi ilikuwa kubwa sana kuliko ya vidonge vya leo. Hata hivyo kazi iliendelea, na mwaka 1960 Marekani ikaidhinisha vidonge hivyo kwa ajili ya kuzuia mimba. Naomba unieleze, Ndugu Mtafiti, ni kipimo gani kinachotumika kusema kwamba madhara haya yanavumilika kwa mmoja na hayavumiliki kwa mwingine.

Mtafiti amejibu:

Mama Tumaini, malalamiko yako ni ya haki, na swali lako ndilo gumu kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Kabla sijalijibu, naomba nirekebishe jambo moja ambalo vyombo vingi vya habari vililipotosha. Wanaume wa jaribio lile hawakulikimbia. Walikuwa 320, na kila baada ya wiki 8 walidungwa testosteroni pamoja na projestini ambayo wanawake wameitumia kwa miaka mingi. Waliojitoa kwa sababu ya madhara walikuwa 20. Kati ya wenzi 266 walioitegemea njia hiyo peke yake zilitokea mimba 4, na zaidi ya robo tatu ya washiriki walisema kwamba wangeitumia kama ingepatikana. Ingawa matokeo yalichapishwa mwaka 2016, sindano zenyewe zilisimamishwa mwaka 2011 kwa ushauri wa kamati ya nje ya usalama, ilhali kamati huru iliyokuwa ikilifuatilia jaribio lenyewe ilikuwa imeona kwamba lingeweza kuendelea. Matukio ya huzuni na mabadiliko ya hisia yaliripotiwa kwa wingi zaidi katika kituo kimoja kuliko vingine, jambo lililohitaji kuchunguzwa, na ni vigumu kuchunguza jambo kwa kuacha kulitazama. Hayo ni maoni yangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami.

Sasa kuhusu kipimo. Dawa ya kuzuia mimba humezwa na mtu mwenye afya, kwa hiyo wasimamizi hulinganisha madhara yake na hatari ambayo dawa inamwepusha nayo. Kwa mwanamke ulinganisho huo ni rahisi, kwa sababu mimba yenyewe huleta hatari za kuvuja damu, shinikizo la damu na kuganda kwa damu, na dawa yenye hatari ndogo kuliko hizo huonekana kuwa na faida. Mwanamume habebi mimba, hivyo kwa hesabu hiyo dawa inamwepusha na hatari ya kiafya iliyo sawa na sifuri, na chochote juu ya sifuri huonekana kuwa kikubwa. Hesabu hiyo imekamilika kwenye karatasi lakini ina kasoro kubwa, kwa kuwa inamhesabu mwanamume kama kwamba anaishi peke yake. Mwanamume anapotumia dawa hii, hatari inayoondoka ni ya mwenzi wake, ya mimba isiyotakiwa na ya madhara ya njia ambazo mwenzi huyo angelazimika kuzitumia. Wapo wanaotetea kwamba hatari na faida zihesabiwe kwa wenzi wote wawili kwa pamoja, nami ni mmoja wao. Mtu mzima aliyeelezwa ukweli ana haki ya kukubali chunusi na uzito kidogo ili mkewe apumzike. Tunamruhusu atoe figo yake moja kwa ndugu yake, na hilo ni kubwa zaidi.

Kuna pia suala la fedha, ambalo nitalipitia haraka. Kampuni za Organon na Schering ziliwahi kushirikiana kujaribu kipandikizi chenye projestini pamoja na sindano ya testosteroni, lakini baada ya kampuni zote mbili kununuliwa na nyingine, mwaka 2006 na 2007, kazi hiyo haikuendelezwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya utafiti huu imebebwa na fedha za umma na mashirika yasiyotafuta faida, ambayo hayana uwezo wa kuendesha jaribio la maelfu ya wenzi kwa haraka.

Iliyofika mbali zaidi kwa sasa ni jeli inayopakwa mabegani kila siku, yenye testosteroni na projestini iitwayo segesteroni, iliyotengenezwa na shirika lisilotafuta faida la Population Council pamoja na taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia afya ya mtoto na maendeleo ya binadamu. Jaribio lake la awamu ya pili, lililowahusisha wenzi zaidi ya 400 katika nchi kadhaa, lilianza mwaka 2018. Taarifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba asilimia 86 ya wanaume walikuwa wamefikia kizingiti cha mbegu milioni 1 ifikapo wiki ya 15, na nusu yao walikifikia katika muda usiozidi wiki 8. Vipo pia vidonge viwili, DMAU na 11-beta-MNTDC, ambavyo kila kimoja kimeundwa kifanye kazi ya testosteroni na ya projestini kwa pamoja. Hivyo bado viko katika hatua za mwanzo.

Baba Watatu ameandika:

Nimekuelewa, Ndugu Mtafiti, na mke wangu amesoma haya yote pamoja nami. Yeye ndiye aliyeniomba niulize maswali mawili yaliyobaki: je, uzazi hurejea kwa hakika, na je, jeli inayopakwa begani haiwezi kumgusa yeye au watoto tunapolala?

Mtafiti amejibu:

Mwambie kwamba ameuliza maswali ambayo wanafunzi wangu huyasahau. Kuhusu kurejea, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikusanya taarifa za wanaume zaidi ya 1,500 waliokuwa wametumia njia za homoni. Kwa kawaida ilichukua miezi 3 hadi 4 mbegu kurudi kwenye milioni 20 kwa mililita, asilimia 90 walikuwa wamefika hapo katika mwaka mmoja, na makadirio yalionyesha kwamba wote wangefika ndani ya miaka miwili. Katika jaribio la sindano nililolieleza juu, takriban 95 kati ya 100 walikuwa wamerejea ndani ya wiki 52, na waliobaki walichelewa zaidi. Kwa hiyo kurejea ndiyo kanuni, lakini si kwa siku moja na watu wote, na mwanamume asiyeweza kukubali kusubiri anapaswa kulijua hilo kabla hajaanza.

Kuhusu jeli, hofu yake ni ya kweli. Testosteroni ikiwa bado juu ya ngozi inaweza kuhamia kwa mwanamke au mtoto na kuwaletea dalili kama vile chunusi na nywele mahali pasipo pake. Ndiyo maana watumiaji huelekezwa wapake, waache ikauke, wavae nguo inayofunika mabega, na waoge au waoshe mahali hapo kabla ya kugusana ngozi kwa ngozi. Madhara mengine kwa mtumiaji mwenyewe ni chunusi, kuongezeka uzito, kupungua kwa lehemu ile nzuri katika damu, na kwa baadhi yao mabadiliko ya hamu au ya hisia, kupanda au kushuka. Wala hakuna hata moja ya dawa hizi inayokinga maambukizi ya magonjwa ya zinaa.

Mnyanyua Chuma amejibu:

Naomba niongeze onyo, kwa sababu nimeogopa kwamba mtu atasoma maelezo haya na kwenda kujitafutia testosteroni. Nilikuwa na umri wa miaka 26 nilipoanza kujidunga ili nijenge misuli, kwa dawa niliyouziwa na mtu tuliyefanya naye mazoezi. Hakuna aliyeniambia kwamba inazuia mbegu. Niliendelea kwa miaka mitatu, nikaoa, na tulipotaka mtoto tukakaa miezi kumi na minne bila mafanikio. Mke wangu akapimwa mara kadhaa kabla mimi sijaombwa hata kipimo kimoja cha shahawa. Kilipofanyika, hazikuonekana mbegu kabisa. Niliacha, nikatibiwa, na baada ya mwaka na miezi kadhaa mbegu zilirudi, lakini mashaka ambayo mke wangu aliyapata juu ya mwili wake katika muda ule ni deni ninaloendelea kulilipa.

Nasema haya kwa sababu nilikuwa nikitumia kitu kilekile ambacho Ndugu Mtafiti anakieleza, bila dozi inayojulikana, bila kipimo cha damu na bila mtu wa kuniangalia. Testosteroni ya kujidunga pia haiaminiki kama kinga, kwa kuwa huwezi kujua kama umo miongoni mwa wale ambao mbegu zao hazishuki. Wengine wamepata watoto wasiowatarajia wakidhani wamefungika.

Mtafiti amejibu:

Namshukuru ndugu yetu kwa ujasiri wa kueleza hayo. Damu nzito kupita kiasi ni hatari nyingine ya testosteroni isiyofuatiliwa, na katika majaribio huwa tunaipima mara kwa mara.

Baba Watatu, kwa leo njia za mwanamume ulizo nazo mkononi ni mbili. Kondomu, jinsi watu wanavyoitumia katika maisha halisi, hushindwa kwa takriban wenzi 13 katika kila 100 kwa mwaka, na idadi hiyo hupungua sana ikitumika kila mara na kwa usahihi. Kufunga uzazi kwa mwanamume hushindwa kwa chini ya 1 katika 100, lakini inapaswa kuchukuliwa kuwa ni ya kudumu, na baada ya upasuaji huo mdogo hutakiwa kusubiri takriban miezi mitatu na kupimwa shahawa kabla ya kuitegemea. Kwa upande wa mkeo, kipo kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni yoyote.

Baba Watatu ameandika:

Ahsanteni nyote. Kuhusu kitanzi cha shaba, nimemwonyesha alipokuwa akisoma na sikusema neno, kwa kuwa naona ni uamuzi wake na sitaki aupokee kama ombi langu. Kondomu tutaendelea nazo, na safari hii kwa uangalifu kuliko nilivyokuwa nikizitumia. Nitampelekea daktari swali la kufunga uzazi, twende pamoja, na kama kuna mwanajukwaa anayejua namna mtu anavyojiandikisha kushiriki jaribio la jeli, naomba anieleze utaratibu na masharti yake.